Betri ya BMW 320i ya mama wa Kabwe: wakala alitaka mil 1.6, tumemaliza hapahapa Mbeya chini ya nusu

Gari ni BMW 320i bodi ya E90, ya 2008, ilitoka Japan. Mwenyewe ni mama mmoja ana duka la vifaa vya ujenzi pale Kabwe, nyumbani Forest, zote ni sehemu za hapa Mbeya. Lilikaa Dar kwa mtoto wake miaka kadhaa, mtoto alipohamishwa kikazi likapandishwa huku Mbeya. Ilipofika mwezi wa sita likaanza kugoma asubuhi, mchana linawaka vizuri tu, usiku likilala nje kesho yake unapiga stata inasikika tik tik tik, basi. Akaja fundi wa kwanza akasema olternata, akaja wa pili akasema stata, wa tatu akasema BMW hizi bila Dar hutoboi.

Mtoto akapiga simu kwa wakala wa BMW Dar. Akaambiwa betri ya kampuni pamoja na kuifunga na kuisajili kwenye kompyuta ya gari ni mil 1 na laki 6, na gari lazima lifike kwao. Sasa kutoka Mbeya mpaka Dar ni kilomita zaidi ya 800, gari lenyewe haliwaki, kwahiyo weka na hela ya kulipakia kwenye lori. Ndo mama akanitafuta. Nikamwamkia, akaitikia marahaba halafu akaniambia, "Mwanangu, mimi siwezi kulipa milioni mbili kwa betri, kama gari halitengenezeki huku niambie nilipaki." Nikamwambia mama, tulipime kwanza, hata hiyo betri yenyewe hatujajua kama ndo ina tatizo.

Nataka nieleze kisa chote kwa sababu naona watu wa huku nyanda za juu wanaumia sana na magari haya, na wanaumia pande mbili. Kuna wanaolipa bei ya wakala kwa sababu wametishwa, na kuna wanaofunga betri yoyote ya pikapu kwa sababu wameambiwa betri ni betri. Kote huko hela inapotea.

Cha kwanza, betri ya E90 haipo kwenye boneti, iko nyuma kwenye buti upande wa kulia, unafungua kile kifuniko cha pembeni. Nilipofungua tu nikaelewa nusu ya habari. Humo ndani kulikuwa na N70 ya maji, yaani betri ya saizi ya Kijapani, zile zile za Hilux na Noah. N70 ni ndefu kwenda juu kuliko betri ya Kizungu, na haina ule ukingo wa chini kabisa ambao kile chuma cha kubana kinaukamatia, kwahiyo aliyeifunga aliweka kipande cha mbao chini, akazungusha mpira wa tyubu, akafunga fundo. Kifuniko kilikuwa hakifungi kwa sababu teminali zimepanda juu. Kuna kibomba chembamba cha plastiki ambacho kinatakiwa kichomekwe kwenye betri kipeleke gesi nje ya gari, chenyewe kinaning'inia tu. Zulia la pembeni limeliwa na asidi, ukilishika linakatika vipande mkononi, na bati la chini limeshaanza kutu ya unga unga.

Hicho kibomba naomba nikiseme vizuri kwa sababu watu wanakidharau. Betri ya risasi ikichajiwa inatoa haidrojeni, na kama imezidishiwa chaji inatoa nyingi na inabeba na mvuke wa asidi. Kwenye boneti upepo unapeperusha. Kwenye buti la saluni, viti vya nyuma vimepandwa na wajukuu, hewa hiyo inaenda wapi? Betri za DIN, yaani hizo za Kizungu, zina tundu dogo pembeni juu la kuchomeka hicho kibomba, upande wa pili unazibwa na kizibo. Kazi ya dakika moja, na ukifunga betri ndani ya gari haina mjadala.

Pia teminali zote mbili zilikuwa na alama za nyundo. Kwenye BMW hii usigonge, tafadhali. Ile ya hasi imebeba sensa ndogo ndani ya kibanio, inaitwa IBS, ndo inayopima umeme unaoingia na kutoka na joto la betri na kupeleka habari kwenye kompyuta ya injini. Ya chanya ina baruti ndogo ndani, gari likigongwa sana inalipuka na kukata waya mkubwa unaoenda mbele ili moto usitokee. Vitu hivyo viwili vinatosha kukufanya utumie spana ya 10 kwa upole, legeza nati mpaka mwisho, tikisa kwa mkono, vua.

Kipimo sasa. Gari lilikuwa limelala, mita ikasoma volti 11.7. Betri nzima iliyojaa ikipumzika inasoma 12.6 mpaka 12.8 hivi, 12.2 ni kama nusu, 11.8 kushuka ni tupu. Ila betri tupu haimaanishi betri mbovu, hapo ndo mafundi wengi wanakosea, wanakuuzia mpya wakati ya zamani inahitaji chaji tu. Nikaitoa nikaichaji usiku kucha taratibu, nikaiacha ikapumzika, ikasimama 12.4. Kurudisha na kupiga stata inaporomoka mpaka chini ya 9. Stata ikizunguka, betri nzima inatakiwa ibaki kama 9.6 kwenda juu. Mashine ya kupima nguvu ya kuwashia ikatoa chini ya nusu ya kile kilichoandikwa kwenye lebo. Hapo sasa nina haki ya kumwambia mama betri imekwisha.

Na kuna kitu kuhusu hali ya hewa watu wanakigeuza. Wanasema baridi ya Mbeya inaua betri. Kiukweli kinachoua betri ni joto, joto la Dar ndo linazila sahani za ndani haraka, ila kule huoni kwa sababu injini ya moto ni nyepesi kuzungusha. Ukiileta huku mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mwezi wa sita wa saba, oili imekuwa nzito, betri nayo baridi inaipunguzia nguvu, ndo inaumbuka. Betri iliyochoka Dar inakuja kuanguka Uyole.

Lakini sikuishia hapo, maana nilijiuliza kwa nini gari linaisha chaji kila usiku, hata betri iliyochoka huwa inavumilia siku mbili tatu. Mama akanionyesha kitu kwenye skrini: kila akizima gari kuna maandishi ya Kijapani yanatokea na alama ya betri, yeye anabonyeza yanaondoka. Simu ina kamera ya kutafsiri, tukaielekeza pale, gari lilikuwa linasema umeme wa betri unatumika kupita kiasi likiwa limezimwa. Yaani gari lilikuwa linalalamika muda wote, ila kwa lugha ambayo hakuna mtu nyumbani anaijua. Kama una gari la Japan lenye skrini, chukua simu usome yale maandishi leo.

Kupima umeme unaovuja kwenye gari la aina hii kunahitaji subira. Ukizima, kompyuta zake hazilali papo hapo, zinachukua kama nusu saa hivi, nyingine zaidi, na ukigusa mlango tu zinaamka zote unaanza upya. Mimi nafanya hivi, nafungua buti, nafunga ile kufuli ya buti kwa bisibisi ili gari lidhani limefungwa, naweka mita ya kubana kwenye waya wa hasi, halafu namwambia kila mtu akae mbali na funguo ipelekwe ndani ya nyumba. (Kabla ya kurudisha buti fungua ile kufuli kwa rimoti kwanza, usije ukaivunja.) Gari likilala vizuri linatakiwa kubaki chini ya ampea 0.05. Hili lilishuka likagoma kwenye 0.42.

Ampea 0.42 inaonekana kidogo, ila piga hesabu, kwa masaa 24 ni kama ampea-saa 10. N70 iliyochoka ambayo imebakiwa na ampea-saa 25 labda, jumamosi jioni ukipaki jumatatu asubuhi imebaki na nini?

Usichomoe fyuzi mojamoja kutafuta mwizi, ukichomoa na kurudisha unaamsha kompyuta. Weka mita kwenye milivolti, gusa zile ncha mbili za chuma zinazoonekana juu ya kila fyuzi, fyuzi isiyopitisha umeme inasoma sifuri, inayopitisha inasoma kitu kidogo. Boksi la fyuzi la E90 liko nyuma ya kile kidroo cha mbele ya abiria. Nikapita nazo, moja ikasoma, nikafuata waya, ukanipeleka kwenye kamera ya dashibodi. Aliyeifunga Dar aliiunga kwenye fyuzi yenye umeme muda wote ili irekodi usiku gari likiwa limepaki, na hakuweka kile kifaa cha kukata umeme betri ikishuka. Mama anasema aliambiwa inalinda gari. Kweli inalinda, ila betri inaisha. Nikaihamishia kwenye fyuzi inayokufa funguo ikitoka, gari likalala kwenye 0.02.

Kwahiyo angalia, hata angelipa mil 1.6 Dar akarudi na betri ya kampuni, kama wasingeigusa hiyo kamera ile betri mpya ingeanza kuzama usiku wa kwanza Forest. Betri ya risasi ikiishiwa chaji mara kwa mara haikai. Ndo maana mimi nikisikia mtu ananunua betri kabla ya kupima uvujaji naumia.

Turudi kwenye betri ipi. BMW haina kiwanda chake cha betri hizi za kuwashia, inanunua kwa watengenezaji kama Varta na wenzake halafu inabandikwa nembo yake. Unacholipia kwa wakala ni nembo, dhamana yao, na ile kazi ya kusajili. Betri yenyewe unaipata sokoni ukijua vitu vinne tu: ukubwa wa bodi, ampea-saa, aina, na upande wa chanya. Kwa kuwa ya asili ilishatolewa zamani nikasoma kwenye kompyuta ya gari lenyewe, limeandikiwa 80Ah AGM, hiyo Ah ndo ampea-saa. Hiyo ni bodi inayoitwa H7 au LN4, urefu milimita 315, upana 175, kimo 190. Zipo na ndogo zake, H6 ya 278, na kubwa H8 ya 353, usiende dukani na jina la gari tu, nenda na hivyo vipimo.

AGM maana yake ndani hakuna maji yanayocheza, asidi imenyonywa kwenye vitambaa vya nyuzi za kioo, na inapenda kuchajiwa juu kidogo kuliko ya maji. Hapo utaona ile N70 iliteswa vipi: gari lilikuwa limeandikiwa AGM, linachaji kwa mpango wa AGM, wakati limewekewa betri ya maji ndogo kuliko inayotarajiwa. Inachemka, inakausha maji, inapumulia asidi ndani ya buti. Kuharibika kwa lile zulia hakukuwa bahati mbaya.

Pale Kabwe na Mwanjelwa nimezunguka, N50 na N70 zimejaa, za DIN za maji zipo, AGM 80 sikupata siku hiyo. Kuna mmoja aliniletea iliyoandikwa AGM kwa stika, nikaibeba nikaona nyepesi. AGM ya kweli ya ukubwa huo ni kama kilo 22, ni nzito kuliko ya maji ya bodi hiyohiyo, na haina vizibo vya kuongezea maji. Hiyo yake stika ukiikwangua kwa kucha chini yake kuna vizibo sita. Nikamrudishia.

Tukaagiza Dar kwa muuzaji wa betri tu, siyo wakala wa magari. Nilimwambia kabla hujapakia nipigie picha mbili, moja ya tarehe ya kutengenezwa iliyogongwa kwenye bodi, nyingine ya mita ikiwa kwenye teminali. Betri mpya iliyokaa stoo mwaka mzima bila chaji ni mpya kwa jina tu, ikisoma chini ya 12.4 sichukui. Hii ilisoma 12.7. Ikasafiri na basi imesimama wima kwenye boksi, na kadi ya dhamana imegongwa mhuri na tarehe, maana bila mhuri dhamana ni maneno.

Kufunga ni kazi ndogo. Zima kila kitu, toa funguo, liache lilale, vua hasi kwanza halafu chanya. Nilisafisha bati kwa maji ya magadi mpaka likaacha kutoa povu, nikakausha, nikapiga rangi, mbao na mpira wa tyubu nikatupa. Betri ikakaa kwenye chuma chake, kibomba kikachomekwa, chanya kwanza halafu hasi. Kwa mara ya kwanza kile kifuniko kikafunga.

Halafu usajili, sehemu ambayo watu wanatishwa nayo. BMW inatunza kumbukumbu ya betri, imezeeka kiasi gani, inapokea chaji vipi, na inabadilisha uchajishaji kufuatana na hiyo kumbukumbu. Ukiweka mpya bila kuiambia itaendelea kuichaji kama kizee. Gari litawaka, utatembea, wala huoni kitu, ila betri inaishi maisha mafupi. Kusajili ni kuchomeka mashine kwenye soketi ya OBD, ile ya kupimia gari kwa kompyuta, kufungua swichi, kuingia kwenye menyu ya betri na kuthibitisha. Mashine za Launch, Autel, Foxwell zinafanya, hata laptopu na waya wa K+DCAN inafanya. Ni dakika chache. Kama ukubwa au aina imebadilika, mfano kutoka 70 ya maji kwenda 80 AGM, kusajili peke yake hakutoshi, lazima na ile namba iliyoandikwa kwenye gari ibadilishwe. Hapa haikuhitajika kwa sababu tumerudisha ileile ya asili. Muulize fundi wako swali hilohilo, akikwambia kusajili ni mbwembwe, tafuta mwingine.

Siyo kila gari la kifahari liko hivi. Mercedes C-Class ya W204 kwa mfano haidai kusajiliwa, ukipata AGM ya saizi yake umemaliza. Audi nyingi za kisasa zinadai kuandikiwa betri mpya. Crown na Harrier za petroli za kawaida hazina habari hizo.

Baada ya kufunga taa ya DSC, ya mfumo wa kuzuia gari kuteleza, ikawaka, mama akashtuka. Nikamwambia tulia, nikazungusha usukani mpaka mwisho kulia, mwisho kushoto, ikazima. Vioo vikafundishwa upya kwa kuvipandisha na kushikilia swichi, saa ikawekwa.

Kuna jambo moja limenitisha katika kisa hiki. Wakati gari likigoma kuna kijana alishauri waliwashe kwa kuazima umeme wa lori lililopaki jirani, bahati waya zilikuwa fupi. Malori yale ya barabara ya Tunduma ni volti 24! Ukizileta kwenye BMW ya volti 12 unaunguza kompyuta, na hapo mil 1.6 utaitamani. Ukitaka kubusti tumia gari dogo, na hata betri ikiwa nyuma usihangaike na buti, kwenye boneti kuna teminali ya chanya yenye kifuniko na nati ya hasi pembeni kwa ajili hiyo.

Gharama: betri laki 5 na 60, kuisafirisha 15,000, kupima, kutafuta uvujaji, kufunga na kusajili 80,000. Jumla 655,000. N70 chakavu ikauzwa kwa wanunuzi wa risasi, ikarudisha kidogo, asidi yake haikumwagwa mtaroni.

Kimebaki kitu kimoja. Kutoka Forest mpaka Kabwe ni karibu mno, gari halipati muda wa kurudisha kile stata ilichokula, hasa asubuhi taa, hita na kioo cha nyuma vikiwa vimewashwa. Nimemwambia mama asiliwashe likae linanguruma uani akidhani analichaji, hiyo haisaidii sana. Kila akienda Makambako kufuata mzigo mdogo aende na hilo, Hilux ipumzike, na kama litakaa wiki mbili bila kutembea anipigie nimpelekee chaja ya AGM ilale nayo usiku mmoja.